Ujuzi wa fundi tutaupimaje?

SWALI: Fundi wa mtambo wa maziwa katika ushirika wetu anastaafu Desemba. Mhasibu anasema ujuzi wake hauna thamani vitabuni. Ni kweli? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Vitabuni, ndiyo. Kwa kawaida kanuni ya uhasibu IAS 38 haikubali ujuzi wa wafanyakazi uandikwe kama mali, kwani ushirika hauudhibiti vya kutosha. Lakini hupimika: jumlisha faida ya uendeshaji ya ushirika, mishahara yote na uchakavu wa mitambo, ugawe kwa mishahara. Faida milioni 2, mishahara 4, uchakavu 1: 7 kwa 4 ni 1.75, yaani kila shilingi ya mshahara imezaa thamani ya shilingi 1.75. Hesabu hiyo, hata hivyo, haionyeshi pengo la mtu mmoja. Orodhesheni kazi na wanaoziweza. Penye jina moja tu pana hatari. Mpeni fundi huyo mwanagenzi wa kumfundisha leo, si Novemba, na mwanagenzi aufungue mtambo kwa mikono yake mwenyewe.