Kabla hujanunua programu, nenda mwaloni

Juzi kijana mmoja wa Musoma ameniandikia. Amemaliza chuo, anataka kuingia kwenye usanifu wa mafunzo, yaani kazi ya kupanga watu wajifunze nini na kwa njia gani, anauliza anunue programu gani. Nitakujibu, mdogo wangu, lakini nivumilie kwanza, maana nina dukuduku.

Shirika moja la nje lilinipa kazi ya mafunzo ya kukausha dagaa kwa akina mama wa Kayenze, huku kwetu Ilemela. Moduli zilikuwa zimeshatengenezwa Ulaya, mimi nizitafsiri tu. Kila mama angepewa kishikwambi, asikilize peke yake, ajibu maswali peke yake, na akikosa inawaka alama nyekundu. Nikawaambia haitafanya kazi. Mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hakuna mtu anayekaa peke yake na kifaa: shoga zake watachungulia, mama mkwe yumo, mwenyekiti wa kikundi yumo. Alama nyekundu mbele ya hao ni fedheha, na mama wa watu hatarudi kesho. Nikajibiwa kwamba mimi ni mfasiri, si msanifu. Kauli hiyo inaniuma mpaka leo, sifichi.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na utamaduni wao wakidhani ni sayansi tupu. Ule mtiririko wa ADDIE tunaokaririshwa wote (kuchambua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini) ulitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1975, kwa ajili ya jeshi la Marekani. Askari hupimwa mmoja mmoja, na ni haki yake. Mama wa dagaa anakopeshana mtaji, chumvi na hata uwanja wa kuanikia na wenzake. Ukimpima peke yake umempima mtu ambaye hayupo.

Na usikimbilie majedwali ya Geert Hofstede, yule mtafiti Mholanzi aliyezipa tamaduni za nchi alama, ukadhani umemaliza utamaduni. Kitabu chake cha 1980 kilisimama juu ya majibu ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta. Nani wa Kayenze aliulizwa?

Wakati huo sisi tulishakuwa na yetu. Mwaka 1973 kampeni ya afya ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha wanajadili, wanakubaliana, wanachimba choo. Huo ni usanifu wa mafunzo, tena mkubwa, na vyuoni hatuusomi!

Basi, majaribio ya lile shirika yalikwama, nikaitwa tena. Safari hii nilipanga mwenyewe. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Nikagawa akina mama makundi mawili, dagaa wa usiku uleule, hawa waanike mchangani kama kawaida, wale juu ya vichanja. Kisha wachuuzi waje wachague. Mama mmoja Mkerewe akaniambia ngoma za Kisukuma hazimhusu. Nikamwachia kazi ya kutunza daftari la bei, na ndiye aliyewabana wachuuzi kuliko wote. Dagaa wa vichanja hawakuwa na mchanga, wakachukuliwa kwanza na kwa bei ya juu. Akina mama wa mchangani wakaanza kuulizana wenyewe mbao zinapatikana wapi. Sikufundisha neno. Wiki iliyopita shirika limeomba niandike mwongozo wa mialo mingine, na jina langu limewekwa kwenye jalada. Najivunia, kwa nini nisijivunie?

Sasa wewe, kaa mwaloni kwanza. Angalia nani anamsahihisha nani mbele za watu, na nani hasahihishwi kamwe. Kaa tena. Vijana mnapenda vitufe kuliko watu, halafu mnashangaa kozi haimalizwi na mtu.

Programu? Anza na yoyote ya bure. Ila mkataba ukikuita mfasiri wakati unasanifu, urudishe urekebishwe kabla hujasaini, na nauli ya kwenda mwaloni iandikwe humohumo.