Maswali yenu: Roger Jackson na boti ya kuazima

Swali: Huyu Roger Jackson wa Kanada ni nani hasa?

Mpiga makasia aliyeshiriki Olimpiki tatu: 1964, 1968 na 1972. Mwaka 1968, Mexico City, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Akasomea biomekaniki, sayansi ya mwendo wa mwili, hadi shahada ya uzamivu, kisha akawa kiongozi wa michezo.

Swali: Ni kweli alipata dhahabu kwa boti ya watu?

Kweli tupu, na hapa naomba nisimulie kwa kituo. George Hungerford, Mkanada mwenzake, alikuwa wa boti ya wapiga makasia wanane, akaugua mononukleosi, maradhi ya virusi yanayomlegeza mtu kwa wiki nyingi. Nafasi yake akapewa aliyekuwa mwenzake Jackson kwenye boti ya wawili, na Jackson akabaki peke yake. Hungerford alipopata nafuu, wakaunganishwa. Walijifua pamoja kama wiki sita tu, bila kushindana popote, wakaenda Tokyo 1964 na boti waliyoazimwa na Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Fainali waliwaacha Waholanzi kwa chini ya sekunde moja. Kanada haikupata dhahabu nyingine katika michezo ile.

Swali: Kama boti ya kuazima ilitosha, mbona baadaye alisimamia mamilioni?

Mimi sioni mgongano. Kanada iliandaa Olimpiki Montreal 1976, ikaandaa tena Calgary 1988, wakati huo Jackson akiwa rais wa chama cha Olimpiki cha nchi hiyo. Mara zote mbili, wenyeji walitoka bila dhahabu hata moja! Kuelekea Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver 2010, Kanada ikiwa mwenyeji tena, akaongoza Own the Podium (yaani “Tawala jukwaa la washindi”), mpango wa zaidi ya dola milioni 100 za Kanada kwa wanamichezo, makocha na utafiti. Yeye mwenyewe aliupata ushindi kwa sababu mtu aliugua na boti ikapatikana. Huwezi kuwaambia vijana wote wasubiri bahati ya namna hiyo.

Swali: Mpango ulifaulu?

Lengo lilikuwa kuongoza kwa jumla ya medali. Hilo halikutimia, walikuwa wa tatu, medali 26. Lakini dhahabu zilikuwa 14, na hakuna nchi iliyokuwa imefikisha idadi hiyo katika Olimpiki moja ya majira ya baridi. Ya kwanza aliileta Alexandre Bilodeau, mtelezaji wa theluji, tarehe 14 Februari. Wakanada walikuwa wameisubiri nyumbani kwao miaka 34.