Kutafuta tafiti za afya kwenye kanzidata: jenga utafutaji ambao mtu mwingine anaweza kuurudia

Wengi wanaoandika mapitio ya kimfumo (systematic review, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja kwa utaratibu ulio wazi) kwa mara ya kwanza huanzia Google Scholar: wanaandika sentensi nzima, wanafungua kurasa mbili tatu, wanachukua kinachofaa. Kwa kusoma tu, hakuna ubaya. Kwa mapitio, kazi hiyo haitetewi mbele ya wasahihishaji. Scholar haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema imepata laki mbili, na anayeuliza swali lilelile wiki ijayo anaweza kupata orodha nyingine. Iache iwe ya kuongezea. Msingi uwe kanzidata za makala za afya: PubMed, Embase kama chuo chako kinailipia, na CENTRAL ya shirika la Cochrane kwa majaribio ya tiba. Kwa mada za Afrika, usiiruke Global Index Medicus ya WHO. Ndani yake mna African Index Medicus, yenye majarida ya bara letu ambayo mengine huyapati PubMed.

Tuchukue swali moja tulifanyie kazi: je, vyandarua vyenye dawa, vikitumiwa na wajawazito, vinapunguza idadi ya watoto wanaozaliwa na uzito chini ya gramu 2,500?

Swali lina sehemu tatu: wajawazito, vyandarua, uzito wa mtoto. Kishawishi ni kuzitafuta zote tatu. Usifanye hivyo. Tafuta mbili za kwanza tu. Ikisiri (muhtasari) ya utafiti mara nyingi hutaja matokeo makuu peke yake, na uzito wa mtoto unaweza kuwa umezikwa kwenye jedwali ndani ya makala. Ukilazimisha neno la uzito liwepo, tafiti hizo hutaziona kabisa, wala hutajua kwamba umezikosa. Afrika nayo iache nje. Mwandishi anaweza kuandika Kilifi au Kilombero kwenye ikisiri bila kutaja nchi, na tafiti za zamani zinaweza kusema Tanganyika au Zaire. Nchi utaichuja kwa macho wakati wa kusoma vichwa vya makala.

Kila sehemu ijengwe kwa aina mbili za maneno, zikiunganishwa kwa OR, yaani "au". Aina ya kwanza ni vichwa vya mada, yaani lebo rasmi ambazo makala hupewa, ambavyo PubMed inaviita MeSH. Aina ya pili ni maneno huru, yaani yale waliyoandika watafiti wenyewe kwenye kichwa na ikisiri. Zote mbili zinahitajika. Makala iliyoingia jana huenda haijapewa MeSH, na makala iliyopewa MeSH huenda imetumia neno usilolifikiria. Mstari wa vyandarua unaweza kuwa hivi ([mh] ni kichwa cha MeSH, [tiab] ni neno la kwenye kichwa cha makala au ikisiri, kinyota * kinasimamia herufi zozote zinazofuata, na ITN na LLIN ni vifupisho vya vyandarua vyenye dawa):

#1: "Insecticide-Treated Bednets"[mh] OR "Bedding and Linens"[mh] OR bednet*[tiab] OR "bed net"[tiab] OR "bed nets"[tiab] OR "treated net"[tiab] OR "treated nets"[tiab] OR "mosquito net"[tiab] OR "mosquito nets"[tiab] OR ITN[tiab] OR ITNs[tiab] OR LLIN[tiab] OR LLINs[tiab]

Mashuka yameingiaje hapo? Kabla kichwa cha vyandarua hakijaanzishwa, makala za vyandarua ziliwekwa chini ya matandiko. Kila kichwa cha MeSH kina ukurasa wake unaoonyesha mwaka kilipoanzishwa. Usome, halafu uangalie makala za zamani ziliwekwa wapi. Angalia pia kinyota: PubMed inataka herufi zisizopungua 4 kabla yake, ndiyo maana umoja na wingi wa "bed net" vimeandikwa kimoja kimoja.

#2: "Pregnancy"[mh] OR pregnan*[tiab] OR antenatal*[tiab] OR prenatal*[tiab] OR primigravid*[tiab] OR secundigravid*[tiab] OR multigravid*[tiab]

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Mtu huandika gravid* akidhani amewapata wajawazito wote. Kinyota hakifanyi kazi mwanzoni mwa neno, kwa hiyo primigravida, mama wa mimba ya kwanza ambaye malaria humdhuru zaidi, hapatikani. Kibaya zaidi, wataalamu wa wadudu hutumia neno hilohilo kwa mbu mwenye mayai. Ukiliunganisha na vyandarua, utavuta rundo la makala za mbu.

#3: #1 AND #2 (yaani makala zilizomo kwenye mistari yote miwili)

Tahajia ni jambo jingine. Ukiweka [tiab] au kinyota, PubMed inaacha kukutafsiria maneno. Anayetafuta upungufu wa damu aandike anaemi* na anemi* vyote viwili, la sivyo atapata Waingereza au Wamarekani peke yao. Mabano nayo yana madhara yake: PubMed inasoma AND na OR kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo OR isiyofungiwa kwenye mabano inaweza kuleta maelfu ya makala zisizohusika. Mistari yenye namba, kama hapo juu, inakuepusha na balaa hilo.

NOT, yaani "isipokuwa", itumie kwa hofu. Ukiandika NOT child*, umefuta kila utafiti unaotaja neno hilo, zikiwemo tafiti zilizowachunguza mama na mtoto pamoja, na kwa swali letu hizo ndizo tunazozitaka. Kichujio cha binadamu kilichopo pembeni ya ukurasa nacho hukata makala ambazo hazijapewa MeSH. Kama lazima uondoe wanyama, andika mstari #4 wenye "Animals"[mh] NOT "Humans"[mh], kisha #3 NOT #4.

Sasa jaribu kabla ya kuamini. Kusanya makala 5 hadi 10 unazojua zinajibu swali lako, zilizopatikana kwa njia nyingine, kwa mfano kwenye marejeo ya mapitio ya awali. Chukua namba zao za PubMed, ziunganishe kwa OR zikiwa na [uid], kisha weka mstari huo NOT #3. Kitakachobaki ndicho unachokikosa. Fungua kila iliyobaki, soma kichwa, ikisiri na MeSH zake, uone ni neno gani hukuliweka. Rudia mpaka isibaki hata moja, au mpaka uwe na sababu ya wazi ya kuiacha. Hatua hii inachukua chini ya saa moja, na ndiyo wengi wanaoiruka.

Ukihamia kanzidata nyingine, usibandike mistari ya PubMed kama ilivyo. Embase ina vichwa vyake, Emtree, na alama zinategemea jukwaa: Ovid wanaandika pregnan*.ti,ab. na Embase.com wanaandika pregnan*:ti,ab. Ukaribu wa maneno, yaani kutafuta maneno mawili yaliyo karibu, ndio unaochanganya zaidi. Kwenye Ovid, adj3 inaruhusu maneno mawili katikati, kwa hiyo mwenzake wa PubMed ni ~2, na wala si ~3. Ukinakili kutoka Word, zibadilishe alama za mtajo zilizopinda ziwe zilizonyooka. Baadhi ya kanzidata hazizitambui.

Kabla ya kutafuta rasmi, mwombe mkutubi wa chuo akague mistari yako. Upo mwongozo wa kazi hiyo, PRESS wa 2015. Huyohuyo muulize nywila ya Hinari, mpango wa WHO ulioanza 2002 wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala kamili.

Siku ya kutafuta, andika palepale jina la kanzidata, jukwaa, tarehe, mistari yote neno kwa neno na idadi ya matokeo ya kila mstari. PRISMA-S ya 2021, mwongozo wa kuripoti utafutaji, inadai mengi ya hayo na mengine zaidi. Historia ya PubMed hufutika baada ya saa 8 bila kutumika, kwa hiyo hifadhi utafutaji kwenye akaunti ya My NCBI. Pakua matokeo ya kila kanzidata kwenye faili lake, na nakala za mafaili hayo uziweke kando kabla ya kuyaunganisha kwenye programu kama Zotero au Rayyan. Mchoro wa PRISMA, unaoonyesha makala zilivyochujwa, unataka idadi ya makala zilizopatikana kabla ya kuondoa marudio, ikiwezekana kwa kila chanzo, na ukishayachanganya bila kuhifadhi, idadi hiyo ni vigumu kuipata tena.