Kwa mwanangu, kuhusu mpangaji wa chumba cha mbele

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema yule fundi cherehani wa nyumba yetu ya Tandika hajalipa kodi kwa miezi minne sasa, simu hapokei, nawe umeshanunua kufuli. Unauliza umfungie Jumamosi? Usimfungie.

Wala sisemi hivyo kwa kumwonea huruma. Mwaka 1997 marehemu baba yako alimng'olea mlango mpangaji mmoja, chumba cha uani. Jioni yule bwana akarudi na askari. Eti ndani mlikuwa na redio, godoro jipya na laki mbili chini ya mto. Mimi chumba kile nilikuwa nakiona kila siku: mkeka na jiko la mchina. Lakini nani angetusikiliza, na mlango tumeung'oa sisi? Wenye kudai tukageuka wadaiwa. Tukalipa, na kodi yake ya miezi mitano hatukuiona tena.

Anza na daftari. Risiti humpi, najua, hata mimi sikuwa nampa. Miaka 11 ni pesa mkononi au kwenye simu, kwa kuaminiana. Kosa letu hilo. Tazama miamala ya simu, andika mwezi kwa mwezi alicholipa na anachodaiwa. Kisha mwendee mwenyewe asubuhi na mapema, usimtume dalali. Piga hodi, kaa, angaza macho. Cherehani ipo? Kama ameiuza, huyo kakwama kweli, na kumkaba hakutakupa hata senti; heri alipe kidogo kidogo, au akuachie chumba kwa amani nawe umsamehe nusu. Ila ukikuta cherehani inanguruma na ukutani kuna televisheni ambayo mwaka jana haikuwepo, hapo maneno yabadilike.

Vyovyote iwavyo, deni liandikwe. Atie saini, nawe utie, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie na kugonga muhuri. Akileta chochote baadaye pokea, lakini andika kwamba ni malimbikizo, usiandike kodi ya mwezi huu, asije akadai mmeanza upya.

Akigoma, mpe notisi ya maandishi yenye tarehe, nakala yako aisaini kwamba kaipokea. Akikataa kuishika, mkabidhi mbele ya mwenyekiti huyo huyo. Baada ya hapo ni Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani ndilo litakalomtoa. Tangu mwaka 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na amri ya kumtoa mtu inatoka huko. Ni safari ya nauli nyingi na njoo kesho nyingi, sikufichi. Ndiyo maana nataka mmalizane pale pale Baraza la Kata.

Na umeme usiukate. Mita ya LUKU ni moja nyumba nzima, na mama wa chumba cha pili anauza barafu. Utagombana na asiyekukosea.

Kufuli rudisha dukani. Wakikataa kulipokea, lifunge choo cha uani, lile la zamani limeliwa na kutu.

Mama yako