Kompyuta ya TV inavuma kama jenereta: maswali yenu na majibu

Wiki hii maswali mengi yamekuja yanafanana. Watu wamenunua zile kompyuta za ofisini za mtumba, wamezichomeka kwenye TV sebuleni kwa waya wa HDMI wanaangalia muvi na mpira, sasa ikifika sehemu watu kwenye muvi wanaongea kwa sauti ya chini kinachosikika ni feni tu. Nimechukua matano.

*Kaka habari. Kompyuta yangu ya i5 nimeiweka ndani ya kabati la TV, chini pembeni ya king'amuzi, nimefunga mlango wa kioo watoto wasichezee. Nusu saa ya kwanza inatulia, baada ya hapo feni inalia mpaka muvi iishe. Ninunue feni nyingine? (Tanga)*

Usinunue kwanza. Hiyo nusu saa uliyoitaja ndo jibu lenyewe, maana feni mbovu ingelia tangu unawasha. Hapo kinachotokea ni kwamba hewa inatoka nyuma ya kompyuta ikiwa ya moto, inagonga ubao wa kabati, inazunguka inarudi mbele inavutwa tena, na kila ikizunguka joto linaongezeka. Feni hata ikimbie vipi haiwezi kuipoza prosesa (ile chipu kuu inayopiga hesabu, yako ndo hiyo i5) chini ya joto la hewa inayoivuta yenyewe. Sebule ya Tanga mwezi wa kwanza ni nyuzi 31, 32 hivi, sasa ndani ya kabati lililofungwa ikifika 45 maana yake prosesa nayo imebebeshwa nyuzi 13 za bure, na feni inapiga kelele kwa sababu inajitahidi, wala haina kosa.

Leo usiku fanya hivi: fungua mlango, ivute mashine mbele, weka muvi ndefu. Ikitulia mpaka mwisho basi wa kumwita ni seremala. Mwambie akate ubao wa nyuma, tundu kubwa la maana liwe juu kwa sababu hewa ya moto inapanda, na chini mbele pawe na pa kuingilia hewa. Vitundu vya drili vitano sita havisaidii kitu, nimeona watu wengi wanatoboa hivyo halafu wanakata tamaa. Nyuma ya kompyuta acha kama sentimita 10. King'amuzi usikipandishe juu yake, na kile kitambaa cha kufuma kama kipo juu ya kompyuta kitoe, kiweke kwenye meza, hapo kimeziba matundu.

*Salaam aleikum. Yangu iko wazi kabisa, haiko kwenye kabati, lakini inavuma toka naiwasha. (Mombasa)*

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Ifungue, karibu nina hakika ni vumbi, na lile la ndani siyo la juu. Majuzi nimefungua mashine ya jirani, kwa nje imefutwa inang'aa, nikatoa feni iliyokaa juu ya hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachoipoza prosesa, chini yake nikakuta blanketi la vumbi na nywele limelala juu ya mapezi, nikalishika kwa kidole na gumba likatoka zima kama kipande cha zulia, chini yake alumini bado mpya kabisa haijawahi kuona hewa siku nyingi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote inapuliza blanketi.

Zima, chomoa waya wa umeme, itoe nje barazani, tumia brashi ya rangi iliyo kavu na blowa. Ila wakati unapuliza shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, ukiacha blowa iyazungushe yanapita kasi yake na bearing inakufa, watu wanasafisha feni nzima wanarudi ndani na feni mbovu. Ukishang'oa hitisinki utakuta pesti, ule uji unaopitisha joto kati yake na prosesa, imekauka kama chaki, ifute kwa spiriti mpaka chuma king'ae, weka mpya isiyozidi punje ya kunde katikati ya prosesa. Powa saplai, lile boksi linaloingia waya wa umeme, usiifungue, kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa, puliza kwa nje tu. Ikiwa safi yote na bado feni inakwaruza, hapo sasa nunua feni. Tone la mafuta ya cherehani linasaidia kwa muda, halikupeleki mbali.

*Nikicheza muvi kutoka kwa flashi iko kimya, nikifungua YouTube tu feni inapanda. Ni intaneti ndio inaipasha moto? Ni i5 ya jenaresheni ya nne. (Nairobi)*

Swali zuri sana hili, na intaneti haihusiki. Ndani ya prosesa kuna kipande maalumu cha kufungua video, kinafanya hiyo kazi kwa umeme kidogo sana. Video hubanwa kwa namna tofauti, na kila namna ina jina lake. Chako kinaijua ile ya H.264, ndo maana muvi zako nyingi za flashi zinapita kimya. YouTube siku hizi inakuletea VP9 au AV1, na hizo kipande chako hakizijui, kwa hiyo kazi yote inaangukia kwenye prosesa yenyewe, inapiga hesabu za kila picha kwa nguvu, joto linapanda feni inafuata. Intel waliweka VP9 na HEVC ya biti 10 vizuri kuanzia jenaresheni ya 7, na AV1 kuanzia ya 11.

Kuna ekstensheni ya brauza inaitwa h264ify, inaiambia YouTube ikupe H.264 tu. Utaishia 1080p, kwa TV nyingi za sebuleni inatosha. Na muvi ukizitafuta kumbuka hilohilo, faili lililoandikwa x265, yaani HEVC, ni dogo kweli lakini kwa mashine yako ni mzigo.

*Sina hela ya kununua chochote mwezi huu, nifanyeje? (Kigamboni)*

Kwenye Windows ingia Control Panel, Power Options, fungua setingi za ndani za plani unayotumia, tafuta "Maximum processor state", itoe 100 weka 99. Hiyo asilimia moja inazima ile turbo, yaani prosesa inaacha kurukaruka juu ya kasi yake ya kawaida, na muvi haihitaji turbo. Halafu kama ndani kuna grafiki kadi ya zamani na wewe huchezi gemu, ing'oe, chomeka TV kwenye tundu la ubao mama (motherboard). Feni moja imepungua na hata uniti za LUKU zitakaa zaidi.

*Fundi anasema feni kubwa ndo ina kelele ndogo, ananidanganya? Na kuna ngurumo nzito kwenye stendi ya TV hata feni zikiwa taratibu. (Morogoro)*

Hajakudanganya. Feni ya milimita 120 inasukuma hewa ileile ya feni ya milimita 80 huku ikizunguka taratibu, na kasi ikishuka nusu kelele inashuka kama desibeli 15, sikio linaona ni zaidi ya nusu. Ila mashine nyingi za ofisini zina plagi za kwao na nafasi ndogo, nenda dukani na feni ya zamani mkononi ulinganishe.

Hiyo ngurumo ni ya hard disk, inazunguka mara 7200 kwa dakika na ubao wa stendi unaipokea kama ngoma. SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka, inaimaliza kabisa. Kabla hujaipata chukua kandambili kuukuu, kata vipande vinne vya raba, weka chini ya kona nne za kompyuta, kona tu, usizibe matundu ya chini.