Uliza Mwalimu: Nani Aliyekunja?

Swali: Mwangaluka mayu. Mimi ni karani kwenye ghala la dagaa la tajiri mmoja pale Mwaloni, Kirumba. Tunanunua kwa ndoo kutoka visiwani, tunauza kwa kilo. Juzi nilimuuliza tajiri daftarini tuandike ndoo au kilo, maana dagaa wakizidi kukauka uzito unashuka na hesabu zinagoma. Akanijibu kwa Kiingereza, "Don't complicate issues." Wenzangu wakaangua kicheko. Neno hilo maana yake hasa ni nini, na limetoka wapi? *(Karani wa Dagaa, Kirumba)*

Jibu: Mwangaluka, mwanangu. Waache wacheke, wewe soma.

"Complicate" ni neno la Kilatini kwa asili: complicare. Com ni pamoja, plicare ni kukunja. Basi maana ya kwanza ni kukunja vitu pamoja. Waingereza walianza kulitumia karne ya 17, na mwanzoni lilikuwa bado neno la kazi ya mikono: kuvikunja vitu au kuvisokota vikashikana. Lawama ililifuata baadaye.

Ukitoka ghalani jioni, simama uwatazame wavuvi wa sangara wakipanga nyavu mtumbwini. Mmoja anashika kamba ya juu yenye maboya, mwenzake ya chini yenye mawe. Wanaulaza wavu mkunjo juu ya mkunjo, maboya kwao, mawe kwao. Hiyo ni plicare, na haina ubaya wowote, kwa sababu usiku wavu unashuka majini bila kubembelezwa. Sasa kazi hiyo mpe kijana mwenye haraka. Maboya na mawe yanalala upande mmoja, kamba inapenya kwenye matundu, na kesho yake wanaume wazima wamekaa juani wanachambua fundo moja moja huku wenzao wako ziwani. Hapo ndipo com ilipoingia.

Ukoo wa plicare ni mkubwa, na umo humo ghalani kwenu. Ile "duplicate" ya kitabu chako cha risiti, karatasi ya chini ya kaboni, ni mkunjo wa pili. "Simple" ni mkunjo mmoja tu. Hata ulipoaplai kazi hiyo ulikuwa umo kwenye ukoo, maana "apply" kwa Kilatini ilikuwa kukikunjia kitu kwenye kingine kikagusana. Plai ya plaiwudi ni tabaka, yaani mkunjo. Na usidhani kila mtu analiona neno hili baya. Mafundi saa huita "complication" kitu chochote ambacho saa inafanya zaidi ya kuonyesha wakati, kama vile kuonyesha tarehe, na kwao hiyo ni sifa ya kupandishia bei.

Kiswahili nacho kilitazama nyuzi. Uzi uliotatana ndio uliotuzalia tatiza, tatizo, tatanisha na utata, na anayeufungua anatatua. Ila nguo ikichanika nayo tunasema imetatuka. Mimi hilo halinishangazi, nimeona wavu ukitatuliwa na mtu asiye na subira.

Turudi kwa tajiri wako. "Complicate" ni kitenzi, kinataka mtendaji: yupo mtu aliyetia mkono mambo yakashikana. "Complex" ni sifa ya kitu chenyewe, kutoka Kilatini complexus, kilichokumbatiwa au kusukwa pamoja. Biashara yenu ni complex tangu ndoo ya kwanza inapoteremshwa. Ndoo hupima ujazo, kilo hupima uzito, na dagaa ana maji ndani yake ambayo hupotea bila kuaga. Wewe hukukunja kitu, umeuliza tu mkunjo uko wapi. Kwa Kiingereza sahihi ulipaswa kumwambia, "The matter is complex, sir," lakini najua mshahara unalipwa na nani, kwa hiyo nyamaza.

Badala yake piga safu tatu daftarini: ndoo siku mzigo unapoingia, kilo siku hiyohiyo, na kilo siku unapotoka. Tofauti ya safu ya pili na ya tatu ndiyo maji. Isipoandikwa, siku moja itaitwa wizi, na karani ndiye atakayeulizwa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini jengo lenye maduka mengi huitwa "complex", na mtu anayejidharau naye wanasema ana "complex"? *(Mpangaji, Nyegezi)*

Jibu: Marahaba. Ni neno lilelile nililomweleza karani hapo juu. Kwa jengo, ni maduka na ofisi zilizofungamanishwa mahali pamoja. Hilo la pili limetoka kwa madaktari wa akili waliozungumza Kijerumani, na Carl Jung wa Uswisi ndiye aliyelivumisha mwanzoni mwa karne ya 20. Alimaanisha mawazo, kumbukumbu na hisia zilizoshikana ndani ya mtu, hata ukiigusa moja zote zinaamka. Kujidharau ni aina mojawapo tu. Kwa hiyo jirani yako akisema fulani "ana complex" halafu akanyamaza, muulize ni ipi, maana ziko nyingi.