Nani kakosea, "fit" au "whit"?

Shikamoo, mwalimu. Mwanangu anasoma Aberdeen, Uskoti. Jirani zake humsalimu "Fit like?" Binamu yake wa Glasgow anasisitiza neno ni "whit". Nani kakosea?
Mama wa Kongwa

Marahaba, mama. Hakuna aliyekosea. Hicho ni Kiskoti, ndugu wa Kiingereza, na neno ni lilelile: "nini". Kaskazini-mashariki, iliko Aberdeen, ile "wh" ya maneno ya kuuliza huwa "f". Wana na salamu ninayoipenda mno: "Foos yer doos?", yaani njiwa wako hawajambo? Hujibiwa "Aye peckin", wanadonoa tu!

Neno la kusema "nzuri" huandikwa "guid" au "gude". Glasgow hulitamka karibu na "gid", Aberdeen "gwiid". Mtoto ni "wean" Glasgow, "bairn" mashariki.

Kiskoti hakina tahajia moja inayomfunga kila mtu. Sisi wa Dodoma tunalielewa hilo. Marehemu bibi yangu, pale Mvumi, aliandika "Cigogo". Mimi niliyetoka shule nikaongeza "h", naye akaifuta kwa kidole kilicholowa mate. Machoni pake niliharibu jina la lugha yake.

Mwambie kijana asimsahihishe jirani. Akiulizwa habari za njiwa, ajibu wanadonoa.